Alama ya kaboni ya chakula katika pwani ya Bagamoyo

Alama ya kaboni ya chakula (huitwa pia nyayo za kaboni za chakula) ni jumla ya gesi joto zinazoingia angani kutokana na chakula ambacho mtu hula, tangu shambani au baharini hadi mezani, pamoja na mabaki yanayotupwa. Hupimwa kwa kilo au tani za hewa ukaa (kabonidayoksaidi). Gesi nyingine, hasa methani na oksidi ya nitrojeni, hubadilishwa kuwa kiasi cha hewa ukaa chenye nguvu sawa ya kuongeza joto. Methani, kwa mfano, huhesabiwa kuwa na nguvu ya mara 27 hadi 30 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100.

Makala hii inahusu pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam: kuanzia Kunduchi na Bunju, kupitia Mapinga, Zinga, Mlingotini na Kaole hadi mji wa Bagamoyo, kisha kuvuka mito ya Ruvu na Wami hadi Saadani. Katika eneo hili kinachopandisha zaidi alama ya kaboni ya mlo wa kawaida ni moto wa kupikia, yaani mkaa na kuni, kuliko kile kilichomo ndani ya sufuria. Ushauri unaotolewa Ulaya na Marekani, ambao karibu wote unahusu nyama na maziwa, hauna budi kupimwa upya kabla ya kutumiwa hapa.

Takwimu za dunia

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science. Ulikusanya habari za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, ukakadiria kwamba chakula husababisha asilimia 26 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, ulioongeza usafirishaji, upishi na taka kwa upana zaidi, ulifikia asilimia 34.

Kwa kila gramu 100 za protini, wastani wa dunia katika utafiti wa 2018 ulikuwa kilo 50 za hewa ukaa kwa nyama ya ng'ombe wanaofugwa kwa ajili ya nyama, kilo 5.7 kwa kuku, kilo 4.2 kwa mayai, kilo 6 kwa samaki wa kufugwa, na chini ya kilo 1 kwa jamii ya kunde. Ng'ombe huwa juu kwa sababu mbili. Tumbo lake hutengeneza methani anapocheua, na malisho yake huhitaji ardhi kubwa, ambayo mara nyingi ilikuwa msitu.

Wastani huu unaficha tofauti kubwa kati ya shamba na shamba. Pia hesabu zake huishia dukani. Hazihesabu moto wa jikoni. Katika nchi ambako watu hupikia umeme au gesi upungufu huo ni mdogo. Kwa Bagamoyo ni sehemu kubwa ya hesabu yote.

Moto wa kupikia

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu ya kiasi hicho kiliishia Dar es Salaam. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba sehemu ya kaya za jiji hilo zilizotegemea mkaa kama nishati kuu ya kupikia ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Mkaa huo hutoka mikoa mingi, lakini misitu ya Mkoa wa Pwani, pamoja na ile ya Bagamoyo na Chalinze, ndiyo iliyo karibu na soko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza uharibifu wa misitu unaoenea kutoka Dar es Salaam kama mawimbi: kwanza huondolewa miti ya mbao za thamani, kisha ya mbao duni, na mwishoni miti inayobaki huchomwa mkaa. Kadiri jiji linavyokua ndivyo kila wimbi linavyosogea mbali zaidi.

Mkaa huchomwa kwa kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo, kisha kuyawasha yaungue taratibu kwa hewa kidogo. Tanuri la namna hii hupoteza sehemu kubwa ya kuni: kwa kawaida kilo 5 hadi 10 za kuni huhitajika ili kupata kilo 1 ya mkaa. Moshi wake una methani na gesi nyingine zinazotokana na kuungua nusunusu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba pale ambapo miti iliyokatwa haioti tena, kilo 1 ya mkaa uliochomwa kwa njia za asili huambatana na kilo 7.2 hadi 9 za gesi joto.

Mfano wa hesabu unasaidia. Tuchukue kaya inayotumia gunia moja la kilo 50 kila mwezi. Kwa mwaka ni kilo 600 za mkaa, sawa na tani 4.3 hadi 5.4 za gesi joto. Kaya hiyohiyo ikila nusu kilo ya nyama ya ng'ombe kila wiki, hiyo ni kilo 26 kwa mwaka. Hata nyama hiyo ikihesabiwa kwa kiwango cha juu cha kilo 100 za gesi joto kwa kila kilo, jumla ni tani 2.6. Msitu ukiachwa uchipue, sehemu ya hewa ukaa hurudi kwenye miti mipya na hesabu ya mkaa hushuka. Ikishuka kwa nusu, mkaa na nyama hukaribia kulingana. Kwa kaya ambayo nyama huonekana siku ya Idi na harusini tu, mkaa unabaki kuwa karibu hesabu nzima.

Maharage yanaonyesha jambo hili vizuri. Kilo 1 ya maharage makavu ina wastani wa gesi joto usiofika kilo 2, kwa hiyo kila mwongozo wa chakula rafiki kwa mazingira huyasifu. Yakichemshwa kwa saa tatu juu ya jiko la mkaa bila kulowekwa, yanaweza kumaliza kilo nzima ya mkaa, na hapo moto unakuwa umetoa mara nne au zaidi ya shamba. Mpishi anayeyaloweka usiku kucha, akamwaga maji, akafunika sufuria na kupunguza moto baada ya kuchemka, hupunguza sana muda huo. Sufuria ya presha hupunguza zaidi. Wapo pia wanaotumia kikapu cha joto: chakula kikishachemka, sufuria huondolewa motoni na kufungwa ndani ya kapu lenye matambara, pamba au nguo nzito, kikamalizikia humo kwa joto lake chenyewe. Wali na maharage huiva vizuri kwa njia hii.

Si kila moto wa kuni una uzito sawa. Vijijini wengi huokota matawi makavu, au hutumia makuti, makumbi na vifuu vya nazi. Vitu hivi vingeoza vyenyewe na kurudisha hewa ukaa angani, kwa hiyo kuvichoma hakuongezi mengi kwenye hesabu ya tabianchi. Moshi wake ni jambo jingine. Mpikaji, ambaye karibu kila mara ni mama au binti, huuvuta kila siku, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Jiko banifu la mkaa, lenye kuta za udongo uliochomwa, hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, na ndiyo hatua rahisi zaidi kwa asiye na fedha za kubadili nishati. Gesi ya mitungi inatokana na mafuta ya petroli, na kilo 1 ikiungua hutoa takriban kilo 3 za hewa ukaa. Hata hivyo kilo hiyo moja hufanya kazi ya kilo 3 hadi 4 za mkaa, kwa hiyo kwa kawaida hutoa gesi joto kidogo zaidi. Umeme wa gridi ya Tanzania hutoka hasa kwenye gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, na kwenye maporomoko ya maji, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Jiko la umeme la presha hutumia umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hukata moto lenyewe presha inapofika kiwango chake. Shirika la TaTEDO la Dar es Salaam ni miongoni mwa yaliyolitangaza nchini.

Kikwazo kikubwa ni namna ya kulipa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku ile. Mtungi wa gesi huhitaji fedha nyingi kwa mara moja, na huisha bila kutoa taarifa. Nyumba nyingi huwa na vyote viwili: gesi kwa chai na mayai, mkaa kwa maharage na makande. Kwa hesabu ya kaboni huo ni mpangilio wa kinyume, maana vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu ndivyo ambavyo vingefaidika zaidi na nishati bora.

Serikali imewahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka 2006 ilipiga marufuku biashara ya mkaa, lakini marufuku hiyo ilidumu majuma machache tu. Sera ya sasa inaelekea kwenye nishati mbadala: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na zinazolisha zaidi ya 300 kufikia tarehe 31 Januari 2025. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku.

Mikoko

Mikoko ya pwani hii, kwenye midomo ya Ruvu na Wami na kati ya Kaole na Mbegani, inahusika na chakula kwa njia zaidi ya moja. Ni mahali ambapo samaki wengi na kamba hukulia. Tope lililo chini yake huhifadhi kaboni nyingi kiasi kwamba, hekta kwa hekta, mikoko huhesabiwa miongoni mwa misitu yenye akiba kubwa zaidi ya kaboni katika ukanda wa tropiki. Mkoko, mkandaa na mchu hukatwa kwa ajili ya kuni na nguzo za kujengea, na sehemu nyingine hufyekwa kupisha mashamba ya chumvi. Mikoko yote ya Tanzania bara ni misitu ya hifadhi kisheria. Mti ukikatwa, kaboni iliyomo ndani ya gogo ni sehemu ndogo tu ya hasara. Tope likikauka na kupata hewa, lile la miaka mingi nalo huanza kuachia akiba yake.

Wali, ugali na muhogo

Wali ni chakula cha heshima pwani, na ndio wenye alama kubwa zaidi kati ya vyakula vikuu ukipimwa kwa kilo: wastani wa dunia ni takriban kilo 4.5 za gesi joto kwa kilo 1 ya mchele. Sababu ni maji. Shamba la mpunga likifunikwa na maji kwa miezi, vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa hutengeneza methani. Mpunga hulimwa katika mabonde ya Ruvu na Wami, kwa mvua na kwa umwagiliaji. Kilimo shadidi, ambacho miche hupandwa michanga na kwa nafasi, huku shamba likiachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena, hupunguza methani kwa theluthi moja au zaidi na huokoa maji. Mnunuzi sokoni hana njia ya kujua mchele wake ulilimwa vipi; lebo ya namna hiyo haipo.

Muhogo husifiwa mara nyingi kuwa mbadala. Ukilinganishwa kwa kilo unaonekana mwepesi, takriban kilo 1.3 tu za gesi joto. Lakini zaidi ya nusu ya muhogo mbichi ni maji, na ukipima kwa nguvu ya chakula badala ya uzito, wastani wa dunia wa muhogo na wa mchele unakaribiana. Sehemu kubwa ya hesabu ya muhogo inatokana na kufyeka msitu ili kupata shamba jipya. Muhogo wa Bagamoyo uliotoka kwenye shamba la zamani, bila mbolea ya viwandani, una hesabu tofauti kabisa na ule wa shamba lililofyekwa mwaka jana. Mahindi, kwa kipimo hichohicho cha nguvu ya chakula, ni mepesi kuliko vyote viwili.

Muhogo una faida nyingine ambazo jedwali halionyeshi. Huvumilia ukame, hukaa ardhini hadi utakapohitajika, na majani yake ni kisamvu. Ukikaushwa kuwa makopa hutunzwa muda mrefu, na unga wake husongwa kuwa bada. Aina chungu zina sumu ya sianidi, na lazima zimenywe, zilowekwe au zivundikwe na kukaushwa sawasawa. Ni kosa kufupisha hatua hizo kwa nia ya kuokoa mkaa.

Kitoweo

Kwa alama ya kaboni wakazi wa pwani wana bahati ya bahari. Samaki waliovuliwa kwa ngalawa au mashua ya tanga hawana karibu gharama yoyote ya mafuta. Hewa ukaa ya uvuvi hutokana hasa na injini, halafu barafu na friji. Vibua na dagaa, ambao huvuliwa kwa wingi karibu na pwani, ni wepesi kuliko samaki wakubwa wanaofuatwa mbali kwa boti za injini. Baada ya kufika nchi kavu hesabu hugeuka tena kuwa ya moto. Sokoni Bagamoyo wakaanga samaki hutumia kuni, na dagaa wa pwani mara nyingi huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, hahitaji moto wa kumhifadhi wala umeme wa friji. Kwa kipimo hiki pekee ng'onda ni mojawapo ya vitoweo bora vya pwani, ingawa wenye shinikizo la damu wanapaswa kuangalia chumvi yake.

Ng'ombe wanaochinjwa Dar es Salaam na Bagamoyo wengi hutoka mikoa ya ndani kupitia minada kama ule wa Pugu. Wengine hufugwa Chalinze na Bagamoyo kwenyewe. Ni ng'ombe wa asili wanaokua polepole. Kwa kuwa huishi miaka mingi kabla ya kuchinjwa, methani kwa kila kilo ya nyama huwa nyingi. Kwa upande mwingine hawalishwi nafaka, nao ni benki ya mfugaji, maziwa yake na mahari ya mwanawe, mambo ambayo hesabu ya kilo kwa kilo huyabebesha nyama peke yake. Mtanzania wa kawaida hula nyama kidogo sana kuliko wastani wa dunia. Kwa anayekula nyama ya ng'ombe kila siku, kama walivyo baadhi ya wakazi wa mjini, kubadili siku kadhaa kwa samaki, kuku, kunde au choroko kunapunguza alama yake waziwazi. Kwa anayekula mara moja kwa mwezi hakuna cha maana cha kupunguza.

Kunde na choroko huiva upesi kuliko maharage, na kwa kuwa mizizi yake hunasa nitrojeni hazihitaji mbolea nyingi. Zikiungwa kwa nazi ni mlo kamili wa pwani, na pengine ndio mlo wenye alama ndogo kuliko yote ikiwa jiko nalo ni zuri.

Nazi na mafuta

Tui la nazi ya jirani lina uzito mdogo: mnazi husimama shambani kwa miongo mingi ukihifadhi kaboni, na kila sehemu yake ina matumizi. Mafuta ya kupikia ya dukani yanatofautiana zaidi ya inavyodhaniwa. Wastani wa dunia ni takriban kilo 7.3 za gesi joto kwa lita 1 ya mafuta ya michikichi, na kilo 3.6 kwa lita ya alizeti. Michikichi ina hesabu kubwa kwa sababu ya misitu iliyofyekwa, hasa Indonesia na Malaysia, ambako hutoka mafuta mengi yanayoingizwa Tanzania. Alizeti ya Singida na Dodoma, ingawa mara nyingi ni ghali zaidi, ni chaguo lenye uzito mdogo.

Mwani unaolimwa na akina mama wa Mlingotini hauhitaji ardhi, maji baridi wala mbolea. Lakini karibu wote huuzwa nje ili kutoa utomvu unaotumika viwandani, na kaboni iliyomo hurudi angani mwani unapotumika, kwa hiyo kuuita dawa ya tabianchi ni kutia chumvi. Tabianchi ndiyo inayouathiri mwani: aina ya kotoni, iliyo na bei nzuri, hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo.

Umbali wa safari

Wengi hudhani kwamba chakula cha karibu ndicho chepesi daima. Usafirishaji ni sehemu ndogo ya hesabu, takriban asilimia 6 ya gesi joto zote za chakula duniani. Nanasi la Kiwangwa lililoliwa Bagamoyo ni jema kwa ladha na kwa mfuko wa mkulima, lakini chungwa la Muheza lililosafiri kwa lori halina dhambi kubwa kulipita. Vyakula vinavyosafiri kwa ndege ni habari nyingine, kwa mfano minofu mibichi ya sangara inayotoka Ziwa Victoria kwenda Ulaya: kwa uzito na umbali uleule, ndege hutoa gesi joto mara nyingi zaidi ya meli.

Kiporo na chakula kinachotupwa

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani majumbani, migahawani na madukani kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Chakula kikitupwa, gesi joto zote za kukilima na kukipika zimekwenda bure. Kikifukiwa dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, huoza bila hewa na kutoa methani juu yake.

Pwani ina desturi ya zamani ya kukabili jambo hili: kiporo. Wali au ugali wa jana hupashwa moto na kuliwa asubuhi kwa chai, na makoko huenda kwa kuku. Wali unapaswa kupozwa haraka, usilale kwenye joto usiku kucha, na upashwe hadi uwe wa moto sana, kwani una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa mara ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani ni mtihani, maana futari hupikwa kwa wingi kuliko matumbo yanavyoweza. Kupeleka sahani kwa jirani ni ibada na pia ni kupunguza taka.

Upotevu mkubwa zaidi, hata hivyo, hutokea kabla chakula hakijafika nyumbani: samaki wanaoharibika kwa kukosa barafu, maembe yanayooza chini ya miti msimu unapochanganya, mananasi yanayoshuka bei hadi hayalipi nauli ya kuyapeleka mjini. Hayo hayatatuliwi na mlaji mmoja jikoni.

Mjadala

Dhana ya alama ya kaboni ya mtu binafsi ina wakosoaji. Ilitokana na dhana ya nyayo za ikolojia ya William Rees na Mathis Wackernagel katika miaka ya 1990, lakini kilichoifanya ijulikane kwa watu wengi ni kampeni ya kampuni ya mafuta ya BP katikati ya miaka ya 2000, iliyowaalika watu wajipimie alama zao. Wakosoaji wanasema kampeni hiyo ilihamisha lawama kutoka kwa mwenye kisima cha mafuta hadi kwa mwenye kikapu cha sokoni.

Kwa Tanzania hoja hiyo ina uzito wa pekee. Hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi haifiki nusu tani kwa Mtanzania mmoja kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni kati ya tani 4 na 5. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa watoto hao yai, maziwa, dagaa na nyama ni mahitaji, na hakuna mtaalamu makini anayeshauri wapunguziwe kwa ajili ya tabianchi. Wakati huohuo madhara yameshafika pwani: visima vya Bagamoyo vimeingiwa na maji ya chumvi, na katika Shule ya Sekondari Kingani yalijengwa matangi ya kuvuna maji ya mvua kwa sababu maji ya kisima hayakunyweka.

Wanaotetea hatua za nyumbani hujibu kwamba mkaa ni tofauti na mifano mingi ya kujinyima. Kaya inayopunguza mkaa hubakiwa na fedha, hupumua moshi kidogo, na msitu unaookolewa ni ule wa wilaya yake, unaosaidia kulinda bonde la Ruvu, mto unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa.